Pingu Moja kwa Wakwe Wawili

Koplo aliyekuwa mkubwa wangu pale Malaba alikuwa na swali moja ambalo askari wapya waliliona kichekesho. Kabla ya kufunga mlango wa nyuma wa Landrova, mahabusu wakiwa wameshaketi tayari kupelekwa mahakamani Busia, alichungulia ndani na kuuliza, "Humu, nani ni mkwe wa nani?" Askari wapya walitazamana wakizuia kicheko. Mahabusu hawakucheka. Mwenye mkwe aliinua mkono upesi, na koplo akampangia mahali pengine pa kukaa.

Nitaeleza swali hilo lilikotoka, lakini kwanza nieleze jinsi tulivyosafirisha watu, kwa sababu asiyejua hilo hataelewa hofu niliyoipata siku ile.

Ilikuwa miaka ya sabini, wakati kahawa ya Uganda ilikuwa ikivushwa kwa magendo usiku na mchana. Mimi nilikuwa askari wa kike peke yangu kituoni. Mwanamke akikamatwa, mimi ndiye niliyempekua, na akisafirishwa, mimi ndiye niliyekaa naye nyuma ya gari. Nyuma kulikuwa na mabenchi mawili yanayotazamana, na mlango ulifungwa kwa kufuli kutoka nje. Mimi pia nilifungiwa humo. Funguo zote, wa kufuli na wa pingu, zilikaa mfukoni mwa koplo, naye alikaa mbele na dereva. Utaratibu huo ulikuwa na akili yake: mahabusu akimzidi nguvu askari wa nyuma, hapati ufunguo. Ila ulikuwa na upande wa pili. Shida ikitokea nyuma, askari ana sauti yake tu, na rungu la kugongea bati.

Asubuhi hiyo kulikuwa na mahabusu wawili. Kijana mmoja alikamatwa akisukuma baiskeli yenye gunia la kahawa. Walipokuwa wakimhoji, mama mmoja mzee akatokea nyuma, mbali kabisa, akitembea polepole kwa fimbo. Akaja moja kwa moja mpaka kwa askari, akasema, "Kahawa ni yangu. Ya miti yangu. Huyo mlimkuta anasukuma tu. Mwacheni." Hawakumwacha. Waliwaleta wote wawili.

Koplo akamuuliza kijana, "Huyu ni nani wako?"

"Ni mama ya bibi yangu, afande."

"Kumbe ni mama yako!" Koplo alifurahi kweli. Yeye alikuwa mtu wa pwani, mcheshi, na kwao mkwe humbusu mama mkono na kukaa naye chakulani. Kituo kizima siku hiyo kilikuwa na pingu moja nzima, nyingine kufuli yake ilikuwa imeharibika. Akaona amepata njia ya huruma. Akamfunga mama mkono wa kulia na kijana mkono wa kushoto, akasema, "Basi mtatunzana njiani. Gari likirukaruka, mwanangu, mshike mama asianguke."

Mimi natoka Ukambani. Kwetu nako mwanamume humwonea haya mama wa mkewe, humpisha njia, wala hampi mkono. Nilikuwa nimekaa mpakani muda wa kutosha kujua kwamba huku, kwa Wateso na kwa Waluhya, haya hiyo ni sheria. Nilimsogelea koplo nikamwambia polepole, "Afande, hawa hawawezi kufungwa pamoja. Hata kugusana hawagusani."

"Binti, hapa si harusini," akasema. "Hii ni pingu. Ingia."

Nikaingia. Kufuli ikalia nje.

Tangu gari lianze kutembea niliona kwamba wale watu wawili wana kazi ngumu kuliko kazi ya kwenda mahakamani. Kijana aligeuza uso wote kuelekea bati la mbele. Mama aligeuka upande wa pili, kuelekea mlangoni, akavuta mkono wake mpaka mnyororo ukanyooka na chuma kikamkata ngozi. Kisha kwa mkono uliokuwa huru akafungua kitambaa chake cha kichwa, akakitandika juu ya mnyororo, asiuone.

Barabara ilikuwa ya udongo mwekundu. Kama umewahi kukaa nyuma ya Landrova ya zamani unajua kwamba vumbi haliingilii mbele. Gari likienda, vumbi huvutwa na kuingilia kwenye nyufa za mlango wa nyuma. Pale pale mama alipoweka uso wake.

Hatukuwa tumefika mbali nikasikia mluzi. Mwembamba, kama wa birika likianza kupata moto. Nikafikiri ni bati. Kisha nikaona mabega ya mama yakipanda na kushuka.

Kijana naye alisikia. Hakugeuka. Aliongea akiwa ameangalia bati. "Dada polisi, huyo mama ako na ugonjwa ya kifua. Vumbi inamfunga."

"Pumu?"

"Ndiyo hiyo. Mwambie ainame mbele, aweke viwiko kwa magoti. Nyumbani hufanya hivyo."

Nikamwambia mama. Akatikisa kichwa. Nikamwambia tena, nikapiga magoti sakafuni mbele yake nikamwonyesha: namna hii, mama, inama, kifua kifunguke. Akaniangalia kwa macho ya mtu anayejua vizuri ninachosema. Kisha akaangalia kile kitambaa juu ya mnyororo, na hapo nikaelewa. Mnyororo wa pingu ni mfupi. Akiinama mbele na kuweka mikono magotini, mkono wa mkwe wake utakuja nao, utalala juu ya paja lake. Ndiyo maana alikaa amejipinda, shingo upande, kifua kimekunjwa, mahali ambapo hata mtu mzima wa afya asingevuta pumzi sawasawa.

Nikagonga bati. Kidirisha kidogo kikafunguliwa.

"Nini tena?" koplo akauliza.

"Afande, huyu mama hapumui."

"Mbona namsikia mpaka huku?"

"Hiyo unayoisikia ndiyo kutopumua."

"Binti, wote hushikwa na pumu wakiona pingu. Juzi mmoja alizaa. Mwanamume!" Dereva akacheka. Kidirisha kikafungwa.

Sitaki umwone koplo kuwa mtu mbaya. Alikuwa na hofu yake. Wiki chache kabla, askari mwenzetu alimfungulia mahabusu aliyedai tumbo linamuuma, na yule mtu akaingia kwenye mihogo, na nyuma ya mihogo ni Uganda. Askari huyo alikuwa bado anasubiri hukumu yake. Mahabusu akitoroka, watu walisema, unakaa wewe mahali pake. Kila mmoja wetu alilala na maneno hayo.

Lakini midomo ya mama ilikuwa imeanza kubadilika rangi. Nikashika rungu nikalipiga bati la paa kwa nguvu zangu zote, nikaendelea kupiga, mpaka gari likasimama.

Koplo akaja nyuma, akasimama nje ya wavu wa dirisha la mlango. Hakufungua. Alimtazama mama kwa muda, na ule ucheshi ukamtoka usoni.

"Nikifungua," akaniambia, "nimfungue nani? Nikimtoa huyu kijana kwenye pingu, atanikimbia. Angalia." Akanyoosha mkono. Mashamba ya mihogo yalianza pale pale kando ya barabara.

"Nifunge mimi na mama," nikasema. "Mkono wangu kwa wake."

"Na huyu nimfunge na nini? Na wimbo?"

Mluzi wa mama ulikuwa unakatika katikati. Unaanza, unakwama, unaanza tena. Nilikuwa nimemshika mgongo, na chini ya kiganja changu niliusikia mwili wake ukipigana.

Ndipo kijana akasema, bado amelitazama bati, "Afande, chukua mshipi yangu."

"Nifanyie nini mshipi?"

"Suruali hii ilikuwa ya kaka yangu, na yeye ni mtu mnene. Bila mshipi haikai." Akaushika mshipi. "Mbele ya mama ya bibi yangu, nitakimbia aje?"

Dereva, aliyekuwa ameshuka na kuja kuangalia, alianza kucheka, kisha akaacha. Koplo hakucheka. Nafikiri ndipo kwa mara ya kwanza aliona kile kitambaa, na ule mkono wa mama uliovutwa mpaka ukatoka damu, akajua amefunga nini na nini.

"Suruali ina kifungo?" akauliza.

"Iko nayo."

"Nipe na kifungo."

Kijana akaunyofoa uzi kwa kucha za mkono wake wa kulia, akanipa kifungo bila kugeuka, nami nikakipitisha kwenye tundu la wavu, kikaanguka kwenye kiganja cha koplo. Mshipi ukafuata. Kufuli ikafunguliwa.

Mkono wa kijana ulipotoka kwenye pingu, aliishika suruali yake kwa ngumi mbili kama mtu aliyeshika ndoo, akateremka kinyumenyume ili asimpitie mama mbele ya uso, na bila kuambiwa akaenda akaketi kule mbele. Hakuiangalia mihogo hata kidogo. Koplo akaitoa pingu kwenye mkono wa mama pia, akaitia mfukoni. "Mshike vizuri," akaniambia. Safari hii hakuniita binti.

Mama akainama. Aliinama kabla sijamwambia, viwiko magotini, kichwa chini, na pumzi ikaingia kwa sauti kama ya kitambaa kinachochanwa. Nilikilowesha kile kitambaa chake kwa maji ya chupa yangu nikamfunika pua na mdomo. Nikadhani tumepona.

Hatukuwa tumepona. Dereva akienda mbio, vumbi linajaa. Akienda polepole, tunachelewa. Kila mara koplo alifungua kidirisha, "Vipi?" nami sikujua nimwambie apunguze au aongeze. Halafu, tulipokuwa tumeanza kuona mabati ya Busia, mluzi ukanyamaza. Kama hujawahi kumuuguza mwenye pumu utafikiri ukimya ni nafuu. Mimi nilikuwa na shangazi mwenye pumu, na nilijua kwamba mluzi ukinyamaza huku mabega bado yanapanda, hewa haipiti tena.

"Ongeza!" nikapiga kelele. "Ongeza, ongeza!"

Amri yetu ilisema mahakamani kwanza. Niliona jengo la mahakama likipita dirishani. Koplo alisema kitu kimoja tu kwa dereva, nikakisikia: "Mahakama haina sindano. Nenda."

Hospitalini walimchukua kwa mikono minne. Sindano moja, kisha nyingine. Nilisimama ukutani, sare yangu nyekundu kwa vumbi, nikihesabu mabega yake: yanapanda, yanashuka. Kwa muda mrefu hakuna kilichobadilika. Kisha mluzi ukarudi. Nilikuwa sijawahi kufurahia sauti mbaya kiasi hicho. Muuguzi akaniambia, "Kaa chini, dada, kabla hatujakuwekea kitanda na wewe."

Koplo na kijana walikuwa wamesimama kwenye baraza. Wagonjwa wa nje walikuwa wakiwatazama, kwa sababu kijana alikuwa ameishika suruali kwa mikono miwili, na mzee mmoja alipompa mkono wa salamu, alishindwa kuupokea. "Huyu amevunjika kiuno?" mzee akauliza. Koplo akamjibu kwa heshima kubwa kwamba ndiyo, kidogo.

Mama alipofungua macho alinitafuta mimi. Akaniashiria nisogee. Sauti yake ilikuwa ndogo sana.

"Huyo mtu," akasema, bila kumtaja, "yuko wapi?"

"Yuko nje kwa baraza, mama. Hajakimbia."

"Najua hajakimbia." Akapumzika, akavuta pumzi mbili. "Watu wanamwangalia?"

Nikatazama dirishani. "Wanamwangalia."

"Mwambie afande ampe mshipi yake."

Nikatoka nikamwambia. Koplo akautoa mshipi mfukoni, akatafuta na kile kifungo, akageuza mifuko yote. Kilikuwa kimeanguka njiani. Akaenda mwenyewe kwa muuguzi kuomba pini, akaja nayo. Kijana alisogea mpaka mahali ambapo dirisha la wodi halikuweza kumwona, akajifunga. Alipomaliza akaniambia, akiitazama sakafu, "Dada polisi, mwambie nimesema asante."

Nilirudi ndani kumwambia, lakini mama alikuwa amelala. Alikuwa ameketi, ameinama mbele juu ya mto, viwiko magotini, mikono yote miwili huru, na akivuta pumzi.