Binti Yangu na Rula Yangu

Nakumbuka Jumamosi moja ya mwaka 1991, mwanangu, nikiwa fundi cherehani kijana pale Kimisagara, mjini Kigali, mwenye mkono mwepesi na mdomo mwepesi zaidi. Nilikuwa na mwanafunzi mmoja, Esperansi. Akipindisha mshono, nilimchapa vidole kwa rula ya mbao na kumwita kichwa maji. Si wanasema mchelea mwana kulia hulia yeye? Mwenye hasira hakosi methali ya kumtetea.

Siku hiyo binti yangu Zawadi, wa miaka mitano, alikuwa uani na mtoto wa jirani, wakicheza ufundi, wakishona majani ya mgomba kwa miiba. Nikasikia kilio. Kutoka, namkuta kashika rula yangu, mwenzake anavuja damu kidoleni, naye anamfokea kwa maneno yangu mwenyewe: "Kichwa maji! Nitakurudisha kwenu!"

Nikamvamia nimchape. Bibi Mariyamu, jirani yetu mzee, akanishika mkono.

"Mama Zawadi, unataka kumupiga juu amepiga? Huyu mtoto iko nafata weye tu."

Niliona aibu, mwanangu, aibu ya kutamani ardhi ipasuke. Majirani nao wakawazuia watoto wao kucheza na Zawadi. Wiki mbili alikaa mlangoni peke yake, na kosa lilikuwa langu.

Nikaenda kwa mama wa yule mtoto kuomba radhi. Nikamwomba Esperansi msamaha, Zawadi akisikia, kisha nikaipasua rula, ikawa kuni. Ulimi niliung'ata mara nyingi miezi ile! Mshono ukienda upande, nilisema tu, "Fumua, tuanze tena."

Watoto wakarudi mmoja mmoja. Siku moja yule yule wa kidole akalichana jani la Zawadi. Binti yangu akainua mkono. Akaushusha. "Fumua," akamwambia, "tuanze tena."

Nilipiga vigelegele kama niko arusini, wateja wakadhani nimerukwa na akili.

Mwanangu, mtoto huyaacha mawaidha yako akayashika matendo yako. Miaka ile mji ulijaa ndimi kali, na sikuweza kuwanyamazisha watu wazima wote wa Kigali. Mmoja nilimweza, naye ni mimi. Anza na huyo wako, yaani wewe mwenyewe. Mungu akujalie mkono mpole, na watoto wako wakuige mbele za watu, wewe ukitazama kwa furaha. Amina.