Binti Anayekufa Jukwaani

Majuzi nilikuwa saluni pale mtaa wa Yeoville, nikingoja zamu yangu ya kusukwa. Msusi, mama Mkongomani, alikuwa akimsuka binti yake, ambaye yumo kwenye mafunzo ya uimbaji wa opera, yaani tamthilia ya kuimbwa, katika kampuni moja ya hapa mjini. Binti amepewa nafasi yake ya kwanza kubwa.

“Mwishoni ninakufa,” alisema.

Mikono ya mama ikasimama. “Nilikimbia vita juu usikufe. Sasa nije kukuangalia unakufa?”

“Eish, mama. Nikishakufa ninaamka, ninainama, watu wanapiga makofi.”

Mama aliendelea kusuka, akikaza kuliko mwanzo.

Jumamosi nilikwenda kumtazama binti akiimba, nikamkuta mama ukumbini, tukakaa pamoja. Binti alipoanza kuyumba jukwaani, mama alijifunika uso kwa kitenge, akanishika mkono. Sauti ilipanda, ikatetemeka, ikazimika. Makofi yakalipuka.

“Ameamka?” aliniuliza.

“Ameamka, dada.”

Ndipo akafunua uso, akasimama na kupiga vigelegele peke yake ukumbi mzima. Waliokaa nyuma yetu walisifu jinsi binti alivyokufa vizuri. Mama yake, hadi tunaagana mlangoni, alisifu alivyoamka.