Jina Lililobaki Ubaoni

Shemeji yangu Reino Saarela hakuwa msemaji. Siku alipokuja nyumbani kumposa dada yangu Helvi, alikunywa vikombe vinne vya kahawa, akamsifu baba kwa kuni zake zilizopangwa vizuri, akaaga akaenda zake. Ilibidi Helvi mwenyewe atueleze kwamba ile ilikuwa posa.

Kwa miaka arobaini na mitatu alikuwa na gereji ya magurudumu kwenye njia panda, pale barabara ya ziwani inapoachana na ile ya kwenda Duluth. Injini hakugusa. Alikuwa akisema injini ikifa gari linasimama, lakini gurudumu likifa gari linaendelea kwenda. Ukutani, nyuma ya mashine ya kuvulia matairi, palikuwa na ubao mweusi alioupata shule yetu ilipofungwa. Kila aliyefungiwa gurudumu pale, jina lake liliandikwa kwa chaki. Ukishaendesha maili hamsini unarudi, Reino anakaza nati upya kwa ile spana yake yenye kipimo, inalia tak nati ikifika kipimo, kisha anafuta jina lako kwa kiganja. Hakuna malipo. Ila usiporudi alikupigia simu, na usipopokea alikufuata mpaka kwako, hata kama ni kwenye theluji ya kufika kiunoni. Wapo waliomwona msumbufu. Na mimi nilikuwa mmoja wao, sifichi.

Mambo hayo yalianza zamani, akiwa kijana. Alifunga magurudumu ya trela ya magogo, akamwambia dereva arudi. Dereva hakurudi. Siku ya nne gurudumu lilichomoka, likavuka barabara, likamkuta Emil Koski amesimama kwenye sanduku lake la barua anasoma kadi ya binti yake. Emil alikufa palepale. Watu walimwambia Reino kosa si lake, yeye alishasema. Alinunua chaki wiki hiyohiyo.

Dada yangu alijua uzito wa ule ubao. Kila jioni Reino akiingia ndani anavua viatu, Helvi aliuliza kutoka jikoni: "Kuna jina?" Yeye anajibu fulani na fulani, au anajibu hakuna. Akijibu hakuna, chakula kilikuwa na raha yake. Mimi nilikuwa nawacheka, nikisema wengine wana watoto, ninyi mna ubao.

Basi mwaka ule Helvi akaugua, na kufika Machi alikuwa amelazwa hospitalini, hajiwezi. Mimi ndiye niliyekuwa nampelekea Reino chakula cha mchana, maana angeachwa angekula biskuti kavu mpaka afe naye. Ndiyo maana nilikuwepo gereji Jumanne ile alipokuja Dagny Brekke.

Dagny alikuwa mwanamke wa miaka thelathini na tano hivi, anaishi peke yake na mbwa wawili, na kazi yake majira yale ilikuwa kuwavutia watu kwa gari vibanda vyao vya kuvulia samaki, kuvitoa juu ya barafu ya ziwa kabla haijayeyuka. Siku ya mwisho ya kuvitoa ilikuwa Jumatatu inayofuata, na alikuwa bado ana vibanda sita. Alikuwa amenunua pikapu nyingine kutoka kwa kijana mmoja wa mjini. Gari lenyewe zuri, lina nguvu, lakini lilikuwa limevikwa rimu kubwa za kung'aa, na matairi membamba ubavuni kama mkanda wa suruali. Alitaka abakize rimu zilezile, abadilishe matairi tu, aweke yale laini ya baridi yanayoshika barafu.

Reino alilizunguka gari mara mbili, mikono nyuma.

"Rimu hizi ni za kwendea harusini," akasema. "Wewe unavuta nini?"

"Si unajua, mzee. Vibanda."

"Kizito kuliko vyote?"

"Cha Orrin. Kina vitanda vinne na jiko."

Reino akatikisa kichwa. Sijawahi kumsikia akisema maneno mengi kama siku ile, nadhani kwa sababu hospitalini hakukuwa na cha kusema. Alimweleza kuwa tairi laini linauma barafu vizuri, kweli, lakini mzigo ukikaa nyuma ubavu wake unalegea, gari linaanza kuyumba, na mwishowe trela ndiyo inaliongoza gari. Alimtaka achukue rimu ndogo zaidi, ili tairi lipate ubavu mrefu, na tairi lenyewe liwe la plai kumi, yaani tabaka kumi, lenye alama ya mlima na theluji ya matairi ya baridi kali. Akaenda stoo, akatoa rimu, akaigeuza na kusoma namba ya uzito iliyochongwa kwa ndani. Ya kwanza akairudisha. Dagny alikuwa ameipenda, akauliza ina kasoro gani, akajibiwa kwamba tairi la kubeba mzigo juu ya rimu isiyobeba ni sawa na kumpandisha mtu mzima mgongoni mwa mtoto.

"Usichague tairi kwa ajili ya siku ya kwenda dukani," Reino akamwambia. "Chagua kwa ajili ya siku uko juu ya Mlima wa Kanisa, kibanda cha Orrin kiko nyuma yako, na kule chini watu wamejaa."

Dagny akakubali. Reino akafunga magurudumu yote manne, nati nane kila moja, na nati zenyewe mpya kwa sababu za zamani hazikufaa kwenye zile rimu. Akaandika ubaoni: Dagny B. Akamwambia rimu mpya hujitafutia mahali pake pa kukaa, nati iliyobana leo kesho imelegea, kwa hiyo maili hamsini na arudi, hata ikiwa Jumapili. Dagny akasema atarudi. Nikafunga vyombo vyangu. Jioni Reino akaenda hospitali, na alfajiri ya Jumatano dada yangu Helvi akafariki.

Sitaeleza habari za kufiwa. Aliyefiwa anajua. Nitasema tu kwamba mimi, mkubwa wake, nilihamia nyumba ile siku hiyohiyo na kushika mlango. Watu wa kwetu wanakuja msibani na bakuli la viazi na nyama ya kuokwa, wanasimama kizingitini wanatazama viatu vyao, na mwenye mlango ndiye anayeamua nani aingie. Niliamua kwamba Reino hatasumbuliwa. Alikuwa amekaa kwenye kiti cha Helvi kando ya dirisha, hasemi, halii, hali. Gereji ilikuwa imefungwa, na hakuna aliyeuona ubao.

Alhamisi akaja Dagny, na bakuli lake. Alinipa pole, akasita, akasema kwa sauti ndogo kwamba ameshatimiza zile maili, sijui kama Reino...

Haki ya Mungu, damu ilinipanda kichwani. Nikamwambia, "We mwanamke, dada yangu hajazikwa, na wewe unaleta habari za magurudumu?"

Akawa mwekundu mpaka shingoni. Akasema haidhuru, samahani sana, si jambo kubwa.

Sasa niwaambie jinsi tulivyo. Hapa kwetu mtu ukimkaribisha kahawa anakataa. Ukimkaribisha tena anakataa. Ya tatu ndiyo anakunywa. Neno "haidhuru" likisemwa mara moja halina maana yoyote, ni mlango tu, na kila mtu aliyelelewa huku anajua inabidi aulize tena. Mimi nimelelewa huku miaka sabini na moja. Sikuuliza tena. Nilipokea bakuli, nikafunga mlango. Wanasema heri kujikwaa kidole kuliko kujikwaa ulimi, na mimi siku ile nilijikwaa ulimi na nikaona nimefanya la maana.

Mtauliza kwa nini Dagny hakukaza mwenyewe. Spana yake ya zamani haikuingia kwenye nati mpya. Na kwa nini hakwenda kwa fundi mwingine? Yupo, maili arobaini kutoka hapa. Lakini kumwendea fundi mwingine juma ambalo Reino amefiwa na mke! Hakuna mtu wa ziwa hili angefanya hivyo. Ingekuwa kama kumwambia tayari tumeshakuzika na wewe. Dagny aliona heri avumilie mpaka msiba upite. Mwenyewe aliniambia baadaye kwamba Ijumaa alisikia gurudumu likigonga, akajiambia ni barafu imeganda ndani ya rimu.

Jumamosi tukamwombea Helvi kanisani. Kaburi lilikuwa halijachimbwa, ardhi huku Machi imeganda kama jiwe, jeneza lingengoja mpaka Mei. Jambo hilo lilikuwa limemuuma Reino kuliko nilivyodhani, kwamba hata kumzika hawezi kumaliza. Tukashuka kwenye ukumbi wa chini, akina mama wakamimina kahawa. Reino aliketi meza ya mbele, amevaa suti yake ya pekee, watu wanapita wanamshika mkono. Alikuwa anawatazama kama mtu anayesubiri gari lisilokuja.

Dagny akafika zamu yake. Alikuwa amevaa gauni juu ya suruali ya kazi na mabuti, kwa hiyo Reino akamuuliza anakwenda wapi.

"Kazini, mzee. Nimebakiza cha Orrin. Nimekuja nacho, kiko hapo nje, nimekitoa asubuhi upande wa kaskazini. Nakishusha kwake, kule chini ya mlima."

Reino akaushika mkono wake, hakuuachia.

"Ulikuja lini kukaza?"

Dagny akanitazama mimi.

Jamani, ukumbi ule ulikuwa na watu mia, na mimi niliona macho yale mawili tu. Reino akageuza kichwa akanitazama na yeye. Akaweka kikombe mezani, akainuka, akapita katikati ya watu wote, akapanda ngazi bila koti.

Mchungaji alikuwa amesimama na kitabu mkononi anataka kuanza maombi. Na mimi, mnisamehe, kitu cha kwanza nilichohisi bado kilikuwa hasira. Nikaona anaacha maombi ya dada yangu kwa ajili ya nati. Nikamfuata mbio nikiwa na maneno yangu tayari.

Nilimkuta amepiga magoti kwenye theluji na suti yake, kando ya gurudumu la nyuma, upande wa kushoto. Spana yenye kipimo ilikuwa imelala pembeni, ameitoa kwenye gari lake. Hakuwa ameitumia. Alikuwa anazungusha nati kwa vidole viwili, kama mtu anavyofungua chupa ya soda. Moja, ikatoka. Ya pili, ikatoka. Ya tatu pia. Ya nne haikuwepo kabisa, na tundu lake kwenye rimu lilikuwa limeanza kulika na kuwa na umbo la yai.

Nikatazama mbele. Mteremko wa Mlima wa Kanisa unaanzia pale pale uwanjani. Siku ile ilikuwa Jumamosi ya mwisho, na kule chini, kwenye kona, nusu ya mji ilikuwa inavuta vibanda, watu na watoto wao na mbwa, nilisikia wakicheka. Maneno yangu yote yakanikauka.

"Reino," nikasema, "alikuja Alhamisi. Mimi ndiye niliyemfukuza."

"Najua."

"Nilitaka upumzike, shemeji."

Aliweka nati mfukoni, akapiga jeki, akamwagiza Dagny akalete rimu nyingine iliyokwisha kuvikwa tairi, na nati, kutoka gereji, akampa ufunguo. Dagny akaondoka na gari langu. Tukabaki wawili, yeye amepiga magoti na mimi nimesimama na viatu vya kanisani, miguu inakufa ganzi. Ndipo akaanza kulia. Siku nne hakuwa ametoa chozi, na sasa alilia mdomo wazi, ameshika tairi kwa mikono miwili.

"Jumanne Helvi aliniuliza," akasema. "Sauti ilikuwa imekwisha, alisogeza midomo tu. Kuna jina? Nikamwambia hakuna. Nilitaka alale, Irja. Nikamwambia hakuna, na la huyu binti nimeliandika mchana kwa mkono wangu. Akafumba macho. Hakuniuliza kitu kingine tena."

Nilipiga magoti na mimi. Kwa mara moja maishani niliuzuia ulimi wangu. Nikamshika bega mpaka Dagny akarudi.

Reino alifunga rimu mpya, kisha akakaza nati zote za magurudumu yote manne, na kila moja ililia tak. Watu walikuwa wametoka wote, wamesimama ngazini na makoti yao, na mchungaji pia. Hakuna aliyerudi ndani kwenye joto. Dagny aliteremka mlima polepole, taa zinamulika, na tulimtazama mpaka akapita kona na wale watu wakamsogelea kumsaidia kufungua mnyororo wa kibanda.

Jumapili baada ya ibada Reino aliniomba nimpeleke gereji. Dagny alikuwa ametutangulia, anatungojea nje, kwa sababu rimu ile ya nyuma ilikuwa mpya na alikuwa ameshatimiza maili hamsini, amezitafuta kwa makusudi, amezunguka ziwa usiku na mbwa wake. Safari hii nilimkaribisha kahawa, akakataa, nikamkaribisha tena na tena. Reino akakaza, nati hazikusogea hata kidogo.

Kisha akaingia ndani, bado na ile suti yenye magoti machafu, akasimama mbele ya ubao. Jina lilikuwa moja tu. Akalifuta kwa kiganja, akarudia mara ya pili mpaka chaki ikaisha kabisa. Tulikuwa nyuma yake, mimi na Dagny na vikombe vyetu.

"Hakuna, Helvi," akasema.

Akavaa kofia, tukaenda kula.