Sururu ya Kaka

Kaka yangu alikutwa amekufa nyuma ya zizi, kichwa kimepasuka. Tukasema ni dume la ng'ombe, tukaanza msiba. Kaburi tulilichimba kwa sururu yake mwenyewe, tukipokezana, maana kwetu Gehandu mwanaume asiyeshika sururu msibani huonekana hakuja kuzika.

Baadaye polisi waliona damu iliyokauka pale chuma kinapoingia kwenye mpini. Wakaipeleka sururu kupimwa vinasaba. Majibu yakarudi: damu ni ya kaka, lakini mpini una jasho la watu wengi mno, langu likiwemo. Mpelelezi akanifariji eti miaka ijayo kitakuja kipimo cha kuonyesha nani alishika kabla ya nani. Nilitamani kumzaba kibao. Faili lenyewe alikuwa ameshalifunga.

Mimi siku ile naikumbuka bila kipimo. Jirani mmoja kijana alichimba mpaka viganja vikachubuka, na kila tukitaka kumpokea sururu alikataa. Mpini wote ulilowa jasho lake. Tulimsifu. Mama akambariki.

Mpaka leo tukikutana mnadani ananiambia shikamoo, nami naitikia marahaba.