Droo ya Wifi

Wifi yangu hana dogo. Ukimwambia kaa, atauliza kwanza kwa nini. Ndiye muuguzi wa uzazi wa mpango kwenye zahanati yetu, mwaka wa kumi na nne sasa, na chumba chake ni kile cha mwisho kwenye korido, chenye kitanda kimoja, mizani na meza ya droo tatu. Jumamosi huketi humo na mabinti wa shule. Wanamwandikia maswali kwenye vikaratasi bila majina, naye huyajibu yote, hata yale yanayomfanya mwalimu wao aangalie dari. Wazazi wamemsema mpaka wamechoka.

"Mnataka wapate mimba ndiyo wafundishwe?" huwauliza.

Droo ya chini ina kufuli. Humo hukaa kadi za wanawake wasiotaka zionekane nyumbani. Ukija, wifi anatoa kadi, anakuchoma sindano, anaandika tarehe ya kurudi, kisha kadi inarudi drooni. Unatoka mikono mitupu. Yangu imo. Nina watoto watano, na mume wangu, kaka yake wifi wa tumbo moja, anataka wa sita.

Mume wangu huyo ndiye mwenyekiti wa kamati ya zahanati. Mwezi uliopita akaitisha mkutano kwenye baraza ya zahanati, asubuhi, watu wamejaa kwenye mabenchi. Akasema chumba kile hakina wateja, hajawahi kumwona mwanamke hata mmoja mwenye kadi. Bora kigeuzwe stoo.

"Wateja wapo," wifi akasema. "Wanazidi mia mbili."

"Tuonyeshe kadi."

"Sionyeshi."

"Basi, mdogo wangu, huna ushahidi."

"Ufunguo huu hapa, kaka." Akautumbukiza kifuani. "Mkitaka chumba, chukueni. Mkitaka kazi yangu, chukueni. Majina ya watu hampati."

Nilipandwa na hasira, na sehemu kubwa ilikuwa ya kujikasirikia mwenyewe. Kadi moja tu ingemfunga kaka yake mdomo, na alijua ni ipi. Hakunitupia hata jicho. Mume wangu akasema wanaotaka chumba kifungwe wanyooshe mikono. Mikono ikaanza kupanda.

Nikasimama. 

"Baba watoto, mimi ni mteja. Mwaka wa pili huu. Kama unataka kadi, mwambie dada yako akuonyeshe yangu. Nimemruhusu."

  Nyuma yangu nikasikia benchi likilia, mtu anainuka, kisha benchi lingine, na lingine. Mwanamke mmoja akasema, "Na mimi."

Wifi akautoa ufunguo. Akanitazama usoni kwa mara ya kwanza asubuhi ile.

"Tarehe yako ya sindano imepita tangu juzi, wifi," akasema. "Ukimalizana na kaka, pita ndani."