Kamba za Alfonce

Mimi na Alfonce Masatu tulianza kwa kubishana juu ya turubai. Mwaka ule wa themanini na tatu petroli ilikuwa haipatikani. Injini yangu ililala chini ya kitanda Mwisenge, nami nikarudia tanga kama wenzangu. Shule moja ya bweni mjini Musoma ikasema atakayetangulia kufikisha sato Jumamosi, huyo ndiye atakuwa akiwaletea kila wiki. Na Lukas, mvuvi mwenzangu, alikuwa akinipita kila safari. Nikamfuata Alfonce kule Mugango, maana kila mwenye mlingoti mkaidi alielekezwa kwake.

Mashua yake mwenyewe ilikuwa imelala kifudifudi ufukweni, nyasi zimeizunguka. Tanga lake alikuwa amelibadilisha kwa mahindi mwaka wa njaa. Hela hakuzitaka, kwani madukani kulikuwa na nini cha kununua? Alitaka turubai langu la akiba, lote. Nikatoa nusu. Akasema nusu ya tanga ni shuka. Tukaafikiana hivi: tukimtangulia Lukas analichukua lote, tukishindwa kazi yake imekwenda bure. Nikaona nimempata.

Akafungua kila kitu. Alipigilia kabari upya kwenye tako la mlingoti, akaupima wima wake kwa jiwe lililofungwa uzi, halafu akachovya kamba za katani ziwani na kuzifunga zikichuruzika maji. Akawa anazigonga kwa kidole, ya kushoto, ya kulia, mpaka zikalia sawasawa. Ndipo akaenda kula ugali wake.

Alasiri nikazikuta zimekauka, zimelegea kama za kuanikia nguo. Nikasema huyu mzee ananichezea. Nikazikaza zote mwenyewe.

Asubuhi, Jumamosi yenyewe, Alfonce alizishika, akaniangalia.

"Nani kazigusa?"

"Labda upepo, mzee."

"Upepo wa kwenu Bunda unafungaga mafundo?"

Lukas alikuwa ameshatoka. Alfonce hakuharakisha. Alizifungua, akazilowesha, akazifunga tena huku akinieleza kwamba katani ikilowa inajivuta. Ukiikaza kavu, wimbi la kwanza litaikaza zaidi mpaka mlingoti uvunjike.

Kwenye rasi mawimbi yakaanza kutupiga. Kamba zetu zilisimama barabara, tanga likajaa, mashua ikakimbia kama haijawahi kuwa yangu. Mbele yetu mlingoti wa Lukas ulikuwa umepinda kama upinde, naye anashusha tanga kabla haujakatika. Tukampita karibu.

"Lukas," Alfonce akamwita kwa upole, "unamsubiri nani hapo?"

Shule nikaipata mimi, turubai akalichukua yeye, lote. Mwezi uliofuata mashua yake ikarudi majini, na tangu hapo kila Jumamosi nilimkuta Musoma amekwisha kushusha samaki. Haukupita mwaka, shule ikawa yake.

Serikali ilipofungua biashara ya kuagiza vitu nje nikaachana na samaki, nikaleta kamba za nailoni, zisizojivuta zikilowa. Mteja wangu wa kwanza alikuwa Alfonce. Alizigonga kwa kidole, akasikiliza, akataka nimpunguzie. Nikampunguzia.