Slaidi ya Neema

Leo nimemuaibisha mwanafunzi aliyekuwa sahihi.

Subirini, msinitukane bado.

Kidato cha tano, maabara. Tunaangalia paramesia, kiumbe wa seli moja, kutoka dimbwi la Olmotonyi. Chini ya ngozi ana vifuko vya kufyatulia vijishale. Nikadondosha rangi inayogeuka nyekundu penye tindikali. Slaidi yangu ikawa nyekundu yote.

"Mmeona? Vifuko vina tindikali."

Neema, binti wa mama muuza mbege, ile pombe ya ndizi, pale Levolosi, akasimama.

"Samahani mwalimu. Kwangu vifuko havijageuka. Chakula tumboni tu ndicho chekundu."

Nikamwambia macho yake yameharibiwa na mbege ya mama yake. Darasa likaangua kicheko. Nikamsimamisha akitazama ukuta hadi kengele ilipolia. Alilia bila sauti, mabega yakicheza.

Walipotoka, nikachungulia slaidi yake.

Vifuko havikuwa na wekundu hata kidogo. Paramesia wake walikuwa wanaogelea. Wangu wamekufa wote!

Ndipo nikakumbuka. Maji yetu ya bomba huacha utando mweupe kwenye kioo, kwa hiyo jana nilisugua slaidi kwa ndimu, kama tunavyosugua birika nyumbani. Sikuzisuuza vizuri, tindikali ya ndimu ikabaki. Neema alikosa slaidi kati ya hizo, akajioshea nyingine kwa maji matupu.

Mara akarudi kuchukua daftari. "Mwalimu, nilikosea wapi?"

"Kasome."

Haya, wahubiri wa komenti, karibuni.

Slaidi zote nimeshaziosha. Nilianza na yake, kabla mtu mwingine hajaichungulia.